Kwa nini uyoga wa porini hujaa mwaka mmoja na kuadimika mwingine

Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na ndani ya miezi hiyo ndipo uyoga wa porini hutoka. Lakini mvua kunyesha tu hakutoshi. Mvua kubwa ya siku moja ikifuatwa na jua kali la wiki mbili, udongo wa juu hukauka na uyoga uliokuwa unachomoza hunyauka. Mvua za kiasi zinazofuatana, ardhi ikiwa bado ina joto, ndizo huujaza. Ukame wa Januari au Februari hukata mavuno hata kama jumla ya mvua za mwaka ni nzuri.

Tunachochuma ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zinazoishi ardhini mwaka mzima. Uyoga mwingi wa miombo, ukiwemo ule wa njano wenye umbo la faneli, nyuzi zake hushikana na mizizi ya miti kama mtundu na muba: zinaupa mti maji na madini, nao mti unazipa sukari. Ndiyo maana, msikilizaji, huwezi kuupata chini ya miembe mikongwe ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia hapa hadi Ujiji. Mwembe hauna ushirika nao.

Miti ikikatwa kwa mkaa au kukaushia tumbaku, visiki vya miombo huchipua, na uyoga huweza kurudi polepole. Visiki viking'olewa, usiutarajie tena pale.

Uyoga wa kichuguuni ni habari nyingine, na mimi ndio unaonishangaza zaidi. Huo hulimwa na mchwa. Wanabeba majani makavu na vijiti, wanavitafuna, kisha wanatengeneza bustani chini ya ardhi ambamo uyoga huota na wao hula. Mvua zikilowesha kichuguu, uyoga huchomoza, shina lake refu likiwa limetokea huko chini bustanini. Wanaojua kichuguu chao hurudi hapohapo kila msimu. Kukibomoa ili kufyatua tofali ni kuondoa shamba zima.

Sasa sumu. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kuitambua. Uyoga ulioliwa na wadudu au konokono unaweza kumuua mtu, na kuna sumu zisizoondoka kwa kuchemsha wala kukausha. Chuma ule tu unaoujua kwa hakika, na ukiwa ugenini usiamini kufanana. Kutapika na kuhara kunakoanza saa sita au zaidi baada ya kula ni hatari kuliko kunakoanza mapema, kwa sababu mgonjwa anaweza kupata nafuu ya siku moja huku ini likiharibika. Mpeleke kituo cha afya hata akisema amepona, na mbebe na mabaki ya uyoga huo, mbichi au uliopikwa.