Jaruba na Wenye Haki Nalo: Mali, Ndoa na Mavuno katika Kijiji cha Mpunga cha Wabugis

Ikisiri

Makala hii inajadili umiliki wa majaruba ya mpunga katika vijiji vya Wabugis wa Sulawesi Kusini, Indonesia. Hoja yake ni kwamba jaruba la Mbugis lina mwenyewe mmoja na walaji wengi, na kwamba haki za walaji hao huundwa na kuhama zaidi wenye mali wangali hai kuliko baada ya kufa kwao. Kwa sababu hiyo, mjadala unaoishia kwenye mgawanyo wa mirathi au kwenye utoaji wa hatimiliki hugusa sehemu ndogo tu ya suala lenyewe. Mabadiliko makubwa ya miongo ya karibuni hayakumpokonya mwenye jaruba mali yake. Yaliwaondoa waliokuwa wakila kupitia kwake.

1.0 Utangulizi

Wabugis ndio kabila kubwa kuliko yote katika jimbo la Sulawesi Kusini. Ng'ambo wanajulikana zaidi kwa ubaharia na biashara, na makazi yao yametapakaa Kalimantan, Riau na Johor. Sifa hiyo imefunika ukweli ambao Christian Pelras aliusisitiza katika kitabu chake kuhusu Wabugis kilichotoka mwaka 1996: walio wengi wao ni wakulima, na zao lao kuu ni mpunga. Bone, Soppeng, Wajo, Pinrang na Sidenreng Rappang, ambayo kwa ufupi huitwa Sidrap, zinalisha jimbo na kuuza mchele katika visiwa vingine.

Wanaoandika juu ya ardhi ya vijiji hivi huelekea upande mmoja kati ya miwili. Wapo wanaoiona kuwa ardhi ya mila, ya ukoo au ya kijiji, iliyoharibiwa na soko. Wapo pia wanaoiona kuwa mali ya mtu binafsi, ambayo utata wake wote umo katika kanuni ya faraidhi kwamba mtoto wa kiume hupata mara mbili ya mtoto wa kike. Pande zote mbili zinauliza swali lilelile: nani mwenyewe? Makala hii inapendekeza swali jingine litangulie: nani anakula kutoka jaruba hili, kwa haki gani, na aliipata lini?

2.0 Jaruba na nyumba

Dai la kwamba ardhi yote ilikuwa ya jumuiya haliwezi kusimama. Ni kweli kwamba falme za zamani zilikuwa na mashamba yaliyofungamana na kiti cha enzi na vifaa vyake vitakatifu, yaani arajang, na mtawala aliyeondoka madarakani hakuondoka nayo. Lakini galung, jaruba la mpunga wa maji, kwa kawaida lilikuwa na mwenyewe anayejulikana kwa jina, aliyeweza kuliuza, kulirithisha au kuliweka rehani. Mipaka yake ni kingo za udongo ambazo kila jirani anazijua.

Nyumba ina kanuni nyingine. Bola, nyumba ya Kibugis, husimama juu ya nguzo za mbao na ina ngazi tatu: uvungu wa kufungia mifugo na kuweka zana, sakafu wanayoishi watu, na dari iitwayo rakkeang, ambako mpunga huhifadhiwa. Kwa kuwa imeunganishwa kwa mbao, nyumba hii inaweza kubomolewa na kusimikwa upya kwingine, au kuinuliwa nzima na wanaume wa kijiji na kubebwa mabegani hadi kiwanja kipya. Nyumba na kiwanja, basi, ni mali mbili tofauti. Mtu anaweza kuwa na nyumba yake mwenyewe juu ya kiwanja cha shangazi au binamu, bila kodi wala mkataba, maadamu undugu unatunzwa.

Kanuni hizi mbili hukutana kwa mwanamke. Wanandoa wapya mara nyingi huanza maisha kwa wazazi wa mke. Nyumba ya wazazi mara nyingi humwendea binti, hasa kitinda mimba, au mtoto yeyote aliyebaki kuwatunza uzeeni. Dari ya mpunga ni himaya ya mwanamke wa nyumba: yeye ndiye hukadiria kiasi cha kula, cha mbegu na cha kuuza. Hata pale jaruba linapokuwa la mume, mavuno yakishapanda darini yanaingia katika mamlaka ya mke. Anayesoma daftari la ardhi peke yake hatayaona mamlaka hayo.

3.0 Mirathi inayogawanywa kabla ya kifo

Uislamu ulipokewa na watawala wa Sidenreng na Soppeng mwaka 1609, Wajo 1610 na Bone 1611. Kanuni ya mafungu mawili kwa moja ikapata msemo wa kienyeji: mwanamke hubeba kichwani, mwanamume hubeba mzegamzega. Kichwa hubeba mzigo mmoja, ilhali mti wa begani huning'iniza mizigo miwili. Mkusanyo wa Sheria za Kiislamu wa Indonesia wa mwaka 1991 umeithibitisha kanuni hiyo katika kifungu cha 176, huku kifungu cha 183 kikiwaruhusu warithi kukubaliana mgawanyo mwingine, mradi kila mmoja ajue kwanza fungu lake.

Wengi huanzia hapo kulalamika kwamba binti hudhulumiwa. Tatizo la lalamiko hilo si maadili yake, bali wakati linaoutazama. Katika vijiji hivi sehemu kubwa ya ardhi huwa imekwisha kugawanywa mzazi anapofariki. Kila mtoto anapooa au kuolewa, wazazi humwonyesha jaruba lake. Kilichobaki ni nyumba, ambayo mrithi wake anajulikana, na pengine jaruba moja walilolilimia wazazi hadi mwisho, ambalo ndugu wanaweza kulilima kwa zamu badala ya kulikata vipande visivyotosha hata kugeuzia jembe.

Ndoa, kwa hiyo, ndiyo mahakama halisi ya mirathi. Mwanamume hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni sompa, yaani mahari, ambayo kiwango chake kilifuata daraja la ukoo wa bibi harusi na ambayo siku hizi mara nyingi hutajwa kama kipande cha ardhi. Cha pili ni doi menre', fedha za gharama za harusi zinazopelekwa kwa wazazi wa binti. Susan Millar, katika utafiti wake wa harusi za Kibugis uliochapishwa mwaka 1989, alionyesha jinsi sherehe hizi zinavyopima na kutangaza hadhi ya pande zote mbili. Hapa kuna jambo la ziada la kiuchumi: sompa ya ardhi na doi menre' hutoka katika majaruba ya wazazi wa kijana. Kiasi fulani cha yale mafungu mawili ya mtoto wa kiume kinavuka kwenda kwa mwanamke wa nyumba nyingine, na binti wa nyumba hii naye anapokea kutoka kwingine. Anayehesabu mafungu siku ya msiba peke yake anakuwa amefika shambani wakati mavuno yamekwisha kuondolewa.

Ardhi ya sompa ni ya mke. Mali aliyokuja nayo kila mmoja hubaki yake, na ile waliyochuma pamoja, iitwayo cakkara, hugawanywa wakiachana. Sheria ya Ndoa ya Indonesia ya mwaka 1974, kifungu cha 35, inafuata mpangilio huohuo, na Mkusanyo wa 1991 unampa kila mmoja nusu ya mali ya pamoja talaka inapotokea. Hata hivyo, haifai kuupamba utaratibu huu. Zipo sompa zinazotajwa mbele ya imamu na mashahidi bila jaruba kuonyeshwa wala kukabidhiwa. Na doi menre' imepanda kiasi cha kuwachelewesha vijana kuoa, hata Baraza la Maulamaa la jimbo likatoa fatwa juu yake mwaka 2022. Nguvu ya mwanamke katika mali ipo, lakini hutegemea ndugu wanaoweza kusimama kushuhudia kilichosemwa.

4.0 Rehani na ukulima wa kugawana

Familia ikihitaji fedha nyingi kwa mara moja, kwa ajili ya harusi, Hija, masomo au safari ya kutafuta kazi Malaysia, kuuza jaruba ni hatua ya mwisho. Hutangulia sanra. Mwenye jaruba hupokea mkopo na mkopeshaji huchukua matumizi ya shamba mpaka siku mkopo utakaporudishwa, bila riba na mara nyingi bila muda maalumu. Wapo maulamaa wanaohoji kama mavuno anayokula mkopeshaji miaka yote hiyo si riba kwa jina jingine. Serikali nayo iliingilia kati: Sheria namba 56 ya mwaka 1960 iliamuru kwamba jaruba lililoshikwa rehani kwa miaka 7 au zaidi lirudishwe bila malipo, kwa hoja kwamba mavuno yamekwisha kufidia mkopo.

Vijijini sheria hiyo haina nguvu, na sababu si ujinga. Mkopeshaji mara nyingi ni ndugu au jirani. Anayedai jaruba lake bila kurudisha fedha amejivunjia siri', yaani heshima na haya zinazomfanya mtu ahesabiwe kuwa mtu, na hatakopeshwa tena. Isitoshe, mwenye jaruba mara nyingi hubaki kulilima shamba lilelile, safari hii kama mkulima wa kugawana, na kumpa mshika rehani sehemu ya mavuno. Amepoteza fungu lakini hakupoteza kazi, wala haki ya kulikomboa, ambayo wanawe wanaweza kuirithi.

Ukulima wa kugawana wenyewe huitwa teseng. Mafungu hutegemea nani katoa mbegu, mbolea na gharama za kulima. Kihistoria uhusiano huu ulikuwa sehemu ya utii mpana zaidi kati ya bwana, ajjoareng, na wafuasi wake, joa'. Bwana alitoa ardhi na ulinzi, na mfuasi alitoa kazi na kuonekana upande wake siku ya sherehe au ya ugomvi. Mfuasi asiyeridhika aliweza kuhamia kwa bwana mwingine, na uwezekano huo ulimlazimisha bwana awe mkarimu. Haukuwa usawa. Jamii hii ilikuwa na watawala, watu huru na watumwa, na kumbukumbu za nasaba hazijafutika. Lakini asiye na jaruba alikuwa na mlango wa kuingilia shambani.

5.0 Mavuno na haki zisizoandikwa

Mlango mpana kuliko yote ulikuwa mavuno. Mpunga wa zamani ulikatwa suke kwa suke kwa rakkapeng, kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, kwa kumstahi Sangiang Serri, ambaye kwa imani ya Wabugis ndiye mpunga wenyewe. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi, hasa ya wanawake, na kila mvunaji aliondoka na fungu la alichokata. Jiografia iliongeza fursa. Pwani ya magharibi hupata mvua nyingi kuanzia Desemba, na upande wa mashariki, pamoja na Bone na Wajo, hupata mvua zake kubwa kati ya Aprili na Julai. Wavunaji waliweza kumaliza upande mmoja na kuvuka kwenda mwingine. Mwenye jaruba hakuwa na uso wa kumfukuza ndugu maskini aliyekuja na kisu chake.

Mbegu fupi zenye mazao mengi zilizoingia mwishoni mwa miaka ya 1960 zilileta mundu mahali pa kisu, na wanaume mahali pa wanawake wengi. Zilifuata mashine za kupura. Kisha, katika muongo wa 2010, kombaini zilienea, zikichochewa na mgao mkubwa wa mashine kutoka Wizara ya Kilimo chini ya Amran Sulaiman, mzaliwa wa Bone, aliyeteuliwa kuwa waziri mwaka 2014. Mwenye jaruba ana sababu nzuri za kuita kombaini: huvuna kwa saa chache, hupunguza punje zinazopotea, na vijana wa kuvuna wamekwenda mijini. Fungu la wavunaji sasa ni la mwenye mashine.

Hakuna daftari la ardhi lililobadilika katika historia hiyo yote. Jina la mwenyewe ni lilelile na mipaka ni ileile. Kwa kipimo cha swali "nani mwenyewe?" hakuna kilichotokea. Kwa kipimo cha swali "nani anakula?" kijiji kimegeuka.

6.0 Hatimiliki na hatari yake

Kuanzia mwaka 2017 serikali ya Indonesia imeharakisha upimaji na usajili wa ardhi nchi nzima. Hapo awali wakulima wengi walitegemea stakabadhi za kodi na ushahidi wa majirani. Hatimiliki ina faida: inapunguza ugomvi wa mipaka na kufungua mkopo wa benki. Lakini karatasi ina nafasi ya jina, haina nafasi ya historia. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ndoa kinamtaja mume kuwa mkuu wa familia, na desturi ya kuandikisha mali kwa jina la mkuu huyo inaweza kuifunika ardhi ya sompa ya mke. Vivyo hivyo jaruba linalolimwa na ndugu kwa zamu linaweza kuangukia jina la yule aliyekuwepo siku ya upimaji, na hili ni zito katika jamii ambayo watu wake wengi wako ng'ambo. Wapo waliohama wakati wa uasi wa Kahar Muzakkar kati ya 1950 na 1965, wakamwachia ndugu shamba kwa maneno matupu.

Inaweza kupingwa kwamba haki zinazotegemea maneno na haya ndizo zinazowaumiza wanyonge, na kwamba karatasi ni kinga yao. Pingamizi hilo lina uzito kwa mke ambaye sompa yake haikukabidhiwa. Jibu si kuikataa karatasi, ila kuipanua: imamu aandike eneo na mipaka ya jaruba la sompa katika cheti cha ndoa, msajili aulize asili ya kila kipande kabla ya kuandika jina, na sanra iwe na mkataba unaotaja haki ya kukomboa.

7.0 Hitimisho

Mali katika kijiji cha mpunga cha Wabugis ni ya mtu binafsi, lakini ubinafsi huo ulizungukwa na haki za mke, ndugu, mkopeshaji, mkulima wa kugawana na mvunaji. Usajili unaweza kuzinusuru haki za wanne wa kwanza ukifanywa kwa uangalifu. Haki ya mvunaji haisajiliki, kwa kuwa haikuwa haki juu ya ardhi bali juu ya kazi, na kazi yenyewe imetoweka. Sera inayotaka kuwasaidia wasio na majaruba iache kuwatafuta katika ofisi ya ardhi. Ianze kwa kuuliza kombaini ni za nani, na kama chama cha wavunaji wa zamani kinaweza kuzimiliki.