Konokono wa Warington na tangi la samaki sebuleni

Alfajiri ya Desemba 16, 2022, tangi la AquaDom lililokuwa ndani ya hoteli moja jijini Berlin lilipasuka. Maji yapatayo lita milioni moja yaliporomoka na kufurika hadi barabarani, yakiwa na samaki karibu 1,500. Wengi walikufa. Picha zikasambaa duniani, na mjadala wa zamani ukafufuka: je, ni haki kumweka samaki ndani ya kioo?

Jibu la maana lilianza kupatikana London mwaka 1849, katika chombo cha kioo cha mkemia Robert Warington.

Hakuwa wa kwanza. Wachina walishafuga samaki dhahabu kwa karne nyingi, na Mfaransa Jeanne Villepreux-Power alikuwa ametengeneza matangi huko Messina, Sisilia, tangu 1832 ili kuchunguza viumbe wa baharini. Lakini Warington alitafuta kitu kingine: tangi linaloweza kujitunza, lisilohitaji kubadilishwa maji kila mara.

Alijua kwamba mmea ukipata mwanga hutoa oksijeni, na samaki huihitaji. Basi akatandika mchanga na mawe, akapanda mmea wa majini uitwao Vallisneria, akatia samaki dhahabu wawili. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani yaliyozeeka yakaanza kuoza, maji yakachafuka na utelezi wa kijani ukatanda kwenye kioo. Mtu mwingine angemwaga yote na kukata tamaa. Warington alijiuliza ni nani anayefanya usafi katika mabwawa ya asili, akaleta konokono wachache wa majini. Wakala majani yaliyooza, wakala na ule utelezi. Maji yakang'aa tena, na mayai ya konokono yakawa chakula cha samaki. Machi 1850 taarifa yake ilisomwa mbele ya Chama cha Kemia cha London.

Konokono hao wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Walionyesha kwamba tangi halihitaji samaki na maji peke yake. Lazima awepo pia wa kushughulikia uchafu.

Baada ya hapo wazimu wa matangi ukaanza. Kodi ya kioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, hivyo bei ilishuka. Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chenye picha za rangi kilichowapeleka Waingereza pwani na ndoo mikononi. Mwanawe Edmund alikuja kuandika mwaka 1907, kwa uchungu mkubwa, jinsi vidimbwi vya miambani vilivyoporwa na wakusanyaji hadi vikabaki vitupu. Sehemu kubwa ya viumbe waliochukuliwa humo walifia sebuleni, kwa sababu walionunua matangi hawakusoma somo la konokono.

Kosa hilo linaendelea. Mtu hununua tangi na samaki siku moja, na baada ya wiki anazika samaki. Uchafu wa samaki huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti na hatimaye naitreti isiyo na madhara makubwa, kazi iliyofafanuliwa na Sergei Winogradsky karibu mwaka 1890. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kujaa katika chujio jipya. Anayeanza aliendeshe tangi bila samaki kwa muda huo, akitia chembe za chakula ili zioze na kuwalisha bakteria hao. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Samaki waingizwe wachache wachache.

Afrika Mashariki ina nafasi kubwa katika historia hii, ingawa huku kwetu haizungumzwi inavyostahili. Mwaka 1971 Mbelgiji Pierre Brichard alianza kusafirisha kutoka Bujumbura samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, jamaa ya sato, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wakawapenda. Unguja nako kuna Nothobranchius guentheri, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1893. Huishi katika vidimbwi vya mvua. Kidimbwi kikikauka wakubwa hufa wote, lakini mayai hubaki hai udongoni yakisubiri masika. Wafugaji wa nje hutumiana mayai hayo kwa posta, yakiwa yamefungwa ndani ya mboji yenye unyevu.

Inasikitisha samaki wa Unguja kuzaliwa kutoka kwenye bahasha ugenini huku vidimbwi vya nyumbani vikionekana mashimo ya kufukia. Dume lake lina mkia mwekundu na magamba ya buluu, na ni mdogo kiasi cha kutosha katika tangi la lita 40. Shule yoyote kisiwani yenye tangi kama hilo, chujio dogo la sponji na mwalimu aliye tayari kusubiri wiki sita ingeweza kumfuga na kumfundishia baiolojia.