Nani Alipanga Ratiba ya Mwisho wa Dunia?

Nilikuwa darasa la tano. Nikatoka shule, nikapata nyumba haina mtu. Mlango wazi, maharagwe yanachemka kwa jiko, slipa za mathe ziko hapo tu sakafuni. Nikaita. Kimya. Nikakaa kwa ngazi za ploti nikalia vibaya sana, kwa sababu nilijua kilichotokea: Yesu amekuja, amenyakua wote, mimi nimeachwa juu ya mbao niliyoiba kwa kibeti. Dakika kumi baadaye mathe huyo, na kitunguu mkononi. Alikuwa ameenda dukani pekupeku.

Najua siko peke yangu. Ukilelewa kwa kanisa kama letu, ratiba unaijua kwa kichwa. Kwanza unyakuo, ghafla, waumini wanapotea. Pili, dhiki kuu ya miaka saba na mpinga Kristo. Tatu, Yesu anarudi kila mtu akiona. Nne, anatawala miaka elfu moja. Mwisho, hukumu. Nilidhani kila Mkristo tangu Petro aliamini hivyo.

Kumbe hata ploti yetu haikukubaliana! Shosho yangu ni Mkatoliki wa misa ya asubuhi, na hiyo chati hakuwahi kufundishwa. Kwake Yesu atarudi mara moja, wafu wafufuke, hukumu, basi. Jirani yetu Msabato kutoka Kisii alikuwa na mpangilio wake: Yesu akirudi, watakatifu wanaenda mbinguni miaka elfu, na dunia inabaki ukiwa, Shetani na malaika wake tu. Biblia ni ile ile, ratiba tatu.

Kiini cha ubishi ni Ufunuo sura ya 20, inayotaja miaka elfu mara sita. Ni miaka ya kalenda ama ni mfano? Na Yesu anarudi kabla yake ama baada?

Huu ubishi ni mzee kuliko kanisa lolote mtaani kwenu. Katika karne ya pili, Justin Martyr aliamini Kristo atatawala Yerusalemu miaka elfu kamili. Lakini akaandika pia kwamba kuna Wakristo wengi wa imani safi wasioona hivyo. Hapo nilisimama nikasoma mara mbili. Mtu ambaye aliuawa kwa imani yake hakuwaita wenzake wapotovu juu ya kalenda.

Kisha kuna Augustino, Mwafrika, askofu wa Hippo, mahali palipo Algeria ya leo. Mwanzoni aliamini ile miaka elfu, baadaye akabadilisha mawazo. Katika kitabu chake Mji wa Mungu, alichokimaliza karibu mwaka 426, alisema miaka elfu ni kipindi hiki cha kanisa, tangu Yesu alipokuja mara ya kwanza. Msimamo huo ndio ulioongoza kanisa la Magharibi kwa karne nyingi. Shosho yuko na Augustino bila hata kumjua.

Katika karne ya 18, wengine kama Jonathan Edwards kule Marekani waligeuza mambo: injili itaenea, dunia iwe nzuri kwa muda mrefu, ndipo Yesu arudi. Wengi waliamini hivyo, mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vikafanya hiyo hadithi ya dunia kuwa nzuri iwe ngumu kumeza.

Sasa, ile chati ya mathe? Aliyeipanga na kuieneza ni John Nelson Darby, mhubiri aliyekuwa kasisi wa Anglikana Ireland, kuanzia miaka ya 1830. Yeye alitenganisha kuja kwa Yesu mara mbili: kwanza kuchukua kanisa, halafu kurudi nalo. Akaibeba hadi Marekani. Mwaka 1909 ikatoka Biblia ya Scofield, yenye maelezo ya mtazamo huo chini ya ukurasa ule ule wa maandiko. Msomaji akaanza kuona maelezo kama ni sehemu ya Neno. Halafu wahubiri wa kigeni, riwaya za Left Behind kuanzia 1995, na filamu zikamalizia kazi.

Tuwe wa haki: kuchelewa si ushahidi wa uongo. Wanaoamini unyakuo wanasoma Wathesalonike wa Kwanza sura ya 4, na huko kweli Paulo anasema waumini watanyakuliwa mawinguni. Swali ni kama hilo ni tukio la peke yake miaka saba kabla, ama ndiyo siku yenyewe ya kurudi. Paulo hakuandika hiyo miaka saba hapo.

Mbona nasumbuka na haya? Kwa sababu mtoto aliyeketi kwa ngazi angetii chochote. Oktoba 22, 1844, wafuasi wa William Miller huko Marekani walingoja Yesu usiku kucha. Wengine walikuwa wameacha mazao shambani. Asubuhi ikafika kama kawaida. Hao walirudi nyumbani wakilia, lakini walirudi. Aprili 2023, kwa msitu wa Shakahola kule Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa. Miili ikapita 400, watoto wengi. Waendesha mashtaka wanasema waliambiwa wafunge kula mpaka wafe, wakutane na Yesu.

Simlaumu Darby kwa hilo, wala kanisa la mathe. Lakini mtu akikuletea ratiba ya mwisho, muulize ilianza lini, na nani mwingine anampenda Yesu na hakubaliani nayo. Na akishaitumia kukudai shule yako, pesa yako ama chakula cha mtoto, toka hapo.

Mathe bado anaamini chati yake. Mimi siku hizi naegemea upande wa shosho. Jumapili tunabishana tukila chapati, na wote watatu tunakubaliana kwamba Yesu atarudi. Nimemwomba kitu kimoja tu: akienda dukani, aseme.