Saa Moja Jioni Ilienda Wapi?

Wazazi husema sisi vijana hatupendi habari. Acha niwaambie vile mambo yalikuwa hapa Kabiro.

Nikiwa mtoto, ikifika saa moja jioni ploti nzima ilikuwa na sauti moja: taarifa ya habari. Buda akisema nyamazeni, mnanyamaza. Siasa, ajali, bei ya unga, michezo, kisha inaisha. Hiyo ndiyo sehemu naikumbuka zaidi. Ilikuwa inaisha, na tunakula.

Oktoba 2017, uchaguzi wa marudio, Kawangware ikawaka moto. Tulijifungia ndani tukawa tunaona mtaa wetu kwa TV. Miezi mitatu baadaye, Januari 30, 2018, Raila akaapishwa Uhuru Park kama "rais wa wananchi", na serikali ikazima NTV, KTN na Citizen. Korti ikaamuru zirudishwe, lakini bado zikakaa gizani siku kadhaa. Hapo ndipo simu ya broo ikawa TV yetu. Tulijiona wajanja sana.

Shida ni kwamba simu haina mhariri wala saa moja jioni. Inahesabu tu umekaa kwa video muda gani. Juni 25, 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni kwa sababu ya Mswada wa Fedha, TikTok ilikuwa yetu kabisa. Watu walikuwa wameufafanua mswada mpaka kwa Kiluhya na Kikuyu! Lakini pia niliona kijana amelala barabarani, hasongi, na nikatazama hadi mwisho. Simu ikadhani nimependa. Wiki mbili nikaletewa damu, densi, damu, mapishi, saa nane usiku. Nikaanza kubonyeza kwamba sitaki chochote chenye kunuka serikali. Simu ikatii. Nafikiri wengi wetu tulitorokea hapo, na simlaumu mtu.

Sasa sikia. Oktoba hiyo hiyo NHIF ikaisha, SHA ikaingia. Mimi niliyeacha chuo nikajiita mtu wa mtandao, simu mkononi kutwa, sikujua mambo ya kujisajili. Mathe akaenda hosi na presha yake na kadi ya zamani. Akarudishwa nyumbani. Hakupiga kelele, aliuliza tu, "Kwani huko mtandaoni huwa mnaambiana nini?" Nilimsajili jioni hiyo kwa *147#. Ni dakika chache tu, manze.

Nikaapa nitairekebisha hiyo simu. Sikuirekebisha.

Juni 25, 2025, maandamano ya kuwakumbuka wale wa mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza TV na redio ziache kutangaza moja kwa moja, na stesheni zikazimwa tena. Mathe akaja kwa mlango wangu: "Hebu nionyeshe kwa yako." Broo alikuwa ameenda tao. Nikafungua TikTok, mathe ameinama karibu na bega langu. Mpira. Mpira. Jamaa anakaanga mandazi.