Vumbi Lililokuja Nyumbani na Ovaroli (Sehemu ya 3)

 

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu moshi wa jikoni. Baada ya lile somo, mama mmoja alinitumia picha. Paa la kijivu lenye mawimbi, kona moja imevunjika, na chini yake watoto wawili wanachora sakafuni kwa vipande vilivyodondoka, kama chaki. Akaniuliza, "Nesi, hivi haya yana shida?"

Nilikaa na ile picha muda mrefu, kwa sababu na mimi niliwahi kuchora hivyo hivyo. Baba yangu alikuwa fundi bomba. Enzi hizo mabomba mengi yalikuwa ya kijivu, saruji iliyochanganywa na asbesto, na aliyakata kwa msumeno wa mkono. Jioni anarudi nywele na kope zimekuwa nyeupe, sisi tunamcheka tunamwita babu. Mama anachukua ovaroli, anaikung'uta uani, ndipo anailoweka. Sisi tuko pale pale pembeni tunacheza.

Leo sitaanza na ushauri. Nataka kwanza mjue historia. Ukijua watu walipigana miaka mingapi ili jambo hili likubalike, hutalichukulia kama hofu za mtandaoni.

Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini. Tofauti na mawe mengine, ukiyaponda yanatoka nyuzi, nyembamba mno kuliko unywele. Haziungui, haziozi, na bei yake ilikuwa ndogo. Basi wakaziweka kila mahali: mapaa, mabomba, breki za magari, nguo za wazima moto. Lakini uzi usiooza juu ya paa hauozi ndani ya pafu pia. Ukiuvuta unakaa humo. Mapafu yanaweza kupata makovu na kukakamaa, au baada ya miaka mingi ikatokea saratani ya mapafu, au ile saratani ya utando unaoyafunika mapafu iitwayo mesotelioma.

Sasa twende Rochdale, Uingereza. Nellie Kershaw alikuwa dada wa kiwandani, kazi yake kusokota nyuzi za asbesto. Akaanza kukohoa, pumzi ikakata, akashindwa kazi. Kiwanda kikakataa kumlipa fidia, kikasema ugonjwa wake hautokani na kazi. Alifariki mwaka 1924 akiwa na miaka 33, akaacha mume na mtoto, akazikwa kwenye kaburi lisilo na alama. Daktari aliyechunguza mapafu yake, William Cooke, alikuta vipande vya madini humo, akaandika kwenye jarida la madaktari mwaka uleule. Kwa hiyo tangu 1924 jambo hili lilikuwa limeshaandikwa.

Serikali ya Uingereza ikaamua kuchunguza. Ripoti ya mwaka 1930 ilihusu wafanyakazi 363 waliopimwa, na zaidi ya robo walikuwa na makovu kwenye mapafu. Mwaka 1931 zikatungwa kanuni za kupunguza vumbi viwandani.

Hapa naomba msome taratibu. Kanuni zile zilimlinda mtu akiwa ndani ya kiwanda. Zilikomea getini. Mke wake nyumbani, mtoto wake, jirani wa mtaa uleule, hakuna aliyewahesabu.

Waliohesabiwa kwanza walikuwa huku kwetu Afrika. Mwaka 1960, daktari Wagner na wenzake huko Afrika Kusini waliandika kuhusu wagonjwa 33 wa mesotelioma, karibu wote wakitokea eneo la machimbo ya asbesto ya bluu, kaskazini mwa jimbo la Cape. Kilichowashtua ni kwamba wengi hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu wa maeneo yale tu, wengine walikuwa wameondoka huko tangu utotoni. Na machimboni kwenyewe, kina mama walikuwa wakiponda mawe kwa nyundo kutoa nyuzi, watoto wao wakiwa karibu. Kuna machimbo ambako watoto waliingizwa ndani ya magunia wakanyage asbesto kwa miguu ili ishindiliwe vizuri. Jamani, watoto!

Miaka mitano baadaye, 1965, watafiti wawili wanawake huko London, Molly Newhouse na Hilda Thompson, walifanya kitu rahisi sana. Waliuliza maswali. Walichukua orodha ya wagonjwa 76 wa mesotelioma, wakafuatilia kila mmoja alifanya kazi gani, aliishi wapi, na aliishi na nani. Wakakuta watu tisa ambao hawakuwahi kushika asbesto kazini, ila waliishi nyumba moja na mtu anayeifanyia kazi. Wengi wa hao walikuwa wake waliokuwa wakifua nguo za waume zao.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliiona ile kamba ya kuanikia nguo ya mama yangu.

Kujua ni jambo moja, kumwajibisha mtu ni jingine. Kuna mama mmoja nataka mlijue jina lake: June Hancock. Alikulia mtaa wa Armley, mjini Leeds, karibu na kiwanda cha asbesto cha J.W. Roberts. Vumbi lilijaa barabarani na kwenye madirisha. Watoto walicheza nalo, wakalifinyanga mabonge na kurushiana kama wanavyofanya wenzetu wa nchi za baridi na theluji. Kiwanda kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950. June akakua, akaolewa, akazaa. Mwaka 1982 mama yake akafa kwa mesotelioma. Baadaye June naye akaambiwa ana ugonjwa uleule aliomuuguzia mama yake.

Hakuwahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja. Aliishi jirani tu. Akaishtaki kampuni mama, Turner & Newall, kampuni kubwa yenye mawakili wa kila aina. Wakajitetea kwamba wakati ule hakuna aliyejua kuwa vumbi lingeleta saratani hii. Oktoba 1995 jaji akasema hivi, kwa maneno yangu: si lazima mlijua jina la ugonjwa. Mlijua vumbi linaumiza mapafu, na watoto waliocheza kwenye vumbi lile nje walikuwa kwenye hatari kama wale wa ndani. June akapewa paundi 65,000. Kampuni ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 1996. June alifariki Julai 1997.

Mlango ukawa umefunguka. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliruhusu maelfu ya Waafrika Kusini, wengi wao maskini wa maeneo ya machimbo, kuishtaki kampuni ya Cape kulekule London. Kampuni ilikuwa imeng'ang'ania kesi irudi Afrika Kusini, ambako wale watu wasingepata pesa ya kulipa mawakili. Mwaka 2003 wakalipwa fidia.

Marufuku nazo zikafuata. Uingereza ilizuia asbesto ya bluu na ya kahawia mwaka 1985, nyeupe ikasubiri hadi 1999. Kenya ikapiga marufuku mwaka 2006, Afrika Kusini 2008. Marekani walijaribu mwaka 1989, mahakama ikaifuta sehemu kubwa ya amri ile mwaka 1991, na ni 2024 tu ndipo walipozuia asbesto nyeupe.

Mtauliza, mbona ilichukua muda wote huo? Kwa sababu ugonjwa huu unakuja baada ya miaka 20, 30, hata zaidi ya 40. Mtu anapougua, kiwanda kimeshafungwa na kumbukumbu zimepotea. Na waliokuwa wanauza waliendelea kusema asbesto nyeupe haina neno. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote zinasababisha saratani.

Sasa turudi kwenye ile picha.

Paa la asbesto ambalo ni zima, halijavunjika wala kumomonyoka, usilikimbie usiku huu. Hatari ni vumbi. Kwa hiyo usilikate, usilitoboe, usilisugue kwa brashi ngumu, na watoto wasipande juu. Vipande vilivyodondoka visiwe chaki wala dodoki la sufuria. Usivifagie vikiwa vikavu. Vilowanishe kwanza, na watoto wakae mbali. Kulibomoa si kazi ya kibarua wa siku moja, uliza ofisi ya mazingira au afya ya eneo lako. Na kama baba wa nyumbani ni fundi wa majengo, au anarekebisha breki na haijui imetengenezwa kwa nini, abadilishe nguo hukohuko kazini. Zikifika nyumbani zisikung'utwe. Ziloweke moja kwa moja, peke yake, bila nguo za mtoto.

Kama uliwahi kuchezea vipande hivyo, usikose usingizi. Wengi walioguswa kidogo hawaugui kamwe. Ila ukienda hospitali na kikohozi au pumzi isiyoeleweka, mwambie daktari ulikulia wapi na wazazi walifanya kazi gani. Hata asipokuuliza, mwambie.

Nilimsomea mama yangu andiko hili kabla sijaliweka hapa. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, mimi nilikuwa nawakung'utia sumu?" Nikamwambia, mama, wewe ulikuwa unafua. Waliojua walikuwa wengine, na walijua tangu kabla hujazaliwa.

Mtumie andiko hili mama mwenzio mwenye paa la kijivu. Wiki ijayo tutaongelea rangi za nyumba na madini ya risasi. Maswali leteni hapa chini, nikitoka zamu ya usiku nitayajibu.

Nesi wenu.