Mpinzani wa lazima: kwa nini bingwa wa ngumi humngojesha mtu aliye mbele kwenye foleni

Kila mara jina la Martin Bakole likisikika redioni, maswali ya wasikilizaji yanafanana. Bingwa wa dunia wa uzito wa juu atakubali kupigana na yule aliyepangiwa, ao atamkwepa? Na kama sheria inasema ni lazima, kwa nini tena kuna majadiliano? Wanaouliza wengine wako kwenye kambi, wengine wamepokelewa kwa ndugu, na redio ndogo moja inasikilizwa na familia tatu. Swali ni zuri na historia yake ni ndefu kuliko dakika zangu za michezo, basi naliandika hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu sheria yenyewe. Katika ngumi kuna mashirika manne makubwa yanayotoa mkanda wa dunia: WBA, WBC, IBF na WBO. Kila moja lina orodha yake ya wapiganaji. Anayefika juu anaitwa mpinzani wa lazima, na bingwa anapewa muda wa kukutana naye. Wakubwa wa pande mbili wakishindwa kuelewana juu ya pesa, shirika linaitisha mnada: promota anayeweka pesa nyingi ndiye anaandaa pambano. Bingwa akikataa, ananyang'anywa mkanda. Shirika halina silaha nyingine. Halina polisi wala gereza. Linaweza tu kuchukua ukanda wa ngozi wenye bati la dhahabu, na kama pesa inayomwita bingwa mahali pengine ni kubwa, ukanda huo anauachia bila kulia.

Mtu aliyelipa zaidi kwa jambo hili hajulikani sana kwetu. Aliitwa Harry Wills, mtu mweusi wa New Orleans, Marekani, aliyezaliwa mwaka wa 1889 na kubeba mizigo bandarini kabla ya kuishi kwa ngumi. Wakati wake mashirika haya manne hayakuwapo. Mwaka wa 1908 Jack Johnson alikuwa mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Tarehe 4 Julai 1910 alipompiga Jim Jeffries, mzungu aliyetolewa kwenye mapumziko ili kuurudisha ubingwa kwa wazungu, watu weusi walishambuliwa na kuuawa katika miji mingi ya Marekani. Johnson aliposhindwa Havana mwaka wa 1915, mlango ukafungwa. Kwa miaka 22 hakuna mweusi hata mmoja aliyeruhusiwa kupigania ubingwa huo.

Wills alikuwa akigonga mlango huo karibu wakati wote. Wazungu wakubwa wakimkwepa, alibaki kupigana na weusi wenzake waliofungiwa nje kama yeye. Na Sam Langford peke yake alikutana zaidi ya mara 15. Jack Dempsey alichukua ubingwa tarehe 4 Julai 1919, na mwaka wa 1922 watu wake walitia sahihi mkataba wa kupigana na Wills. Pambano halikufanyika. Mwaka wa 1925 mkataba mwingine ulitiwa sahihi. Wills akapewa dola 50,000 za mwanzo, lakini hundi ya Dempsey haikuwa na pesa nyuma yake. Hilo nalo likafa.

Watu wengi wanasema Dempsey alikuwa mwoga. Mimi sikubaliani nao kabisa. Dempsey mwenyewe alisema yuko tayari, na aliyeshika funguo alikuwa promota Tex Rickard. Huyo ndiye aliyeandaa pambano la Johnson na Jeffries mwaka wa 1910, na alikuwa ameona damu iliyofuata. Wanasiasa nao hawakutaka kuona mweusi akimwangusha mzungu mbele ya watu maelfu. Lakini Dempsey alikuwa bingwa. Angelipiga meza angesikiwa, na hakuipiga kwa nguvu.

Wakubwa wa ngumi wa jimbo la New York walijaribu. Walimtambua Wills kuwa mpinzani wa kwanza, na Dempsey alipotaka kupigana na Gene Tunney mwaka wa 1926, hakupata kibali huko. Rickard akahamisha pambano lote hadi Philadelphia, na huko watu zaidi ya 120,000 wakaja kutazama Tunney akichukua ubingwa. Ile ndiyo ilikuwa nguvu ya neno lazima: unavuka mpaka wa jimbo, unaendelea na kazi yako. Majuma machache baadaye Wills, akiwa na miaka 37, alishindwa na kijana Jack Sharkey. Walisema amezeeka, na ni kweli alikuwa amezeeka. Ila alizeekea kwenye foleni.

Mlango ulifunguka mwaka wa 1937, na cha ajabu ulifunguliwa kwa kumruka mtu mwingine. Max Schmeling wa Ujerumani alikuwa amempiga Joe Louis mwaka wa 1936, kwa hiyo zamu ya kupigana na bingwa James Braddock ilikuwa yake. Ujerumani ilikuwa chini ya Hitler, na wengi Marekani waliogopa kwamba ubingwa ukienda kule hautarudi. Meneja wa Braddock alitaka pesa. Aliahidiwa sehemu moja kwa kumi ya faida za mapambano ya ubingwa ya upande wa Louis kwa miaka kumi, na Schmeling akaachwa. Alifika New York akapima uzito kwa ajili ya pambano ambalo mpinzani wake hakuja. Louis akawa bingwa. Weusi wa Marekani walishangilia usiku kucha, na mimi ningeshangilia pamoja nao, lakini kwa upande wa sheria Schmeling alidhulumiwa.

Sisi Wakongomani tuna sehemu yetu katika hadithi hii. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi za usiku, George Foreman alikutana na Muhammad Ali pale Kinshasa, katika uwanja ulioitwa 20 Mai, leo Tata Raphaël. Wazee wetu wanakumbuka kelele za watu na wanakumbuka raundi ya nane. Kilichomleta bingwa Foreman hadi Zaire ni dola milioni tano kwa kila mpiganaji, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyosimama nyuma ya pesa hizo. Siyo amri ya shirika. Na Foreman huyohuyo alipourudia ubingwa mwaka wa 1994, akiwa na miaka 45, WBA ilimwambia apigane na Tony Tucker. Akakataa, wakamnyang'anya mkanda wao, naye akaendelea na safari yake.

Ali pia aliingia katika mambo haya. Februari 1978 alipigwa na Leon Spinks, kijana aliyekuwa katika pambano lake la nane tu la kulipwa. WBC ilimtaka Spinks apigane na Ken Norton. Spinks akachagua kurudiana na Ali, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na pesa, na WBC ikampa Norton mkanda mkononi. Miezi michache baadaye Norton aliupoteza kwa Larry Holmes kwa alama moja. Hivyo jina lake liko kwenye orodha ya mabingwa, lakini hakuna pambano la ubingwa aliloshinda ulingoni. Mwaka wa 1992 Riddick Bowe alienda mbali zaidi: mbele ya waandishi wa habari huko London aliutupa mkanda wa WBC katika pipa la takataka kuliko kupigana na Lennox Lewis kwa masharti aliyopewa. Lewis alikuwa amempiga katika fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988. Hawakukutana tena.

Sasa Bakole. Ni mtoto wa Kananga, ndugu wa Ilunga Makabu, yule aliyechukua mkanda wa WBC wa uzito wa cruiser Kinshasa Januari 2020, mkanda uliobaki wazi baada ya Oleksandr Usyk kupanda uzito. Bakole alijengwa kule Scotland, akampiga Tony Yoka nyumbani kwake Paris mwaka wa 2022, na Agosti 2024 akamvunja Jared Anderson mjini Los Angeles katika raundi ya tano. Mtu kama huyo tulitegemea aitwe haraka. Miezi sita ilipita hakupanda ulingoni.

Kisha Februari 2025, Daniel Dubois akaugua siku mbili kabla ya kupigana na Joseph Parker mjini Riyadh, na simu ikapigwa kwa Bakole. Ilikuwa juma ambalo Bukavu ilitoka kuanguka, wengi wetu tulikuwa njiani na godoro kichwani, na bado watu waliuliza: Bakole amefanya nini? Alipanda bila mazoezi ya kutosha, na kilo zaidi ya 140, akaanguka raundi ya pili. Wengine walimlaumu. Lakini kama angeshinda, nafasi ya Parker kwenye foleni ya WBO ingekuwa yake. Mtu aliyengoja muda mrefu hawezi kusema simu ipigwe tena mwezi ujao.

Na Parker aliyeshinda alipata nini? Julai 2025, baada ya Usyk kumpiga Dubois kule Wembley, WBO iliamuru Usyk apigane na Parker. Usyk akaomba muda kwa sababu ya maumivu. Parker akachoka kungoja, Oktoba akapigana na Fabio Wardley mjini London, akasimamishwa raundi ya 11. Mwezi uliofuata Usyk aliuachia mkanda wa WBO, na Wardley akawa bingwa bila kumgusa Usyk hata ngumi moja.

Kwa hiyo, mama na baba mnaosikiliza, mkisikia tumetangaza kwamba bingwa ameamriwa kupigana na mpinzani wake, msikeshe bado. Ngojeni tutaje tarehe ya mnada, au jina la uwanja, na ngojeni tuwaambie nani analipa. Hapo ndipo mnaweza kununua betri za redio.