Kanuni na Maonyo katika Jumuiya za Waamini Walio Ugenini

Mwamini anayehamia nchi ya mbali kwa ajili ya kazi, masomo au ukimbizi huacha nyuma mambo mengi kuliko anavyodhani anapofunga mizigo yake. Humwacha paroko anayemjua kwa jina, huwaacha wanajumuiya waliokesha naye msibani, na huwaacha wazee wa ukoo ambao wangemwita pembeni siku anapokosea. Akifika huko aendako, kundi dogo la watu wa lugha yake wanaokutana baada ya Misa huwa kwake ndilo ukoo, kijiji na baraza. Hapo hupata habari za chumba cha kupanga na za kibarua, na siku ya msiba hapo ndipo hukusanywa mchango wa kusafirisha maiti hadi nyumbani. Kwa sababu hiyo, kutengwa na kundi hilo ni adhabu nzito mno. Nyumbani mtu aliyekorofishana na jumuiya yake huweza kusali na jumuiya ya mtaa wa pili; ugenini mara nyingi mtaa wa pili haupo.

Tumeona vema basi kueleza Kanisa linafundisha nini kuhusu kanuni, maonyo na mwenendo wa wanajumuiya katika makundi ya namna hii. Swali lenyewe ni hili: nani ana mamlaka ya kumnyamazisha au kumwondoa mwenzake, kwa sababu gani, na kwa njia ipi?

Mgogoro wa kwanza wa ndani ambao kitabu cha Matendo ya Mitume kinausimulia kuhusu ugawaji wa huduma, katika sura ya sita, ulihusu watu wa ughaibuni. Wayahudi waliosema Kigiriki, ambao wengi wao walikuwa na mizizi nje ya Palestina, walilalamika kwamba wajane wao walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wenyeji waliosema Kiebrania ndio waliokuwa wengi. Mitume wangeweza kuwaambia walalamikaji kwamba wanavuruga umoja, na hoja hiyo ingesikika ya kiroho kabisa. Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakaeleza mipaka ya kazi yao wenyewe, wakawaachia waamini kuchagua watu saba wenye sifa njema. Majina ya wale saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao mwongofu wa Antiokia, yote ni ya Kigiriki. Huduma ilikabidhiwa mikononi mwa watu wenye majina ya upande ule ule uliolalamika.

Tunalikazia tukio hili kwa sababu viongozi wengi wa vikundi vya ugenini huchukulia kila lalamiko kuwa uasi. Mtu akiuliza hesabu za mchango wa msiba, huambiwa kwamba analeta mgawanyiko. Kumbe kuuliza hesabu mbele ya wanaohusika ni haki ya mchangiaji, na aliyekabidhiwa fedha za watu hana sababu ya kukasirika akiulizwa. Manung'uniko ni kitu kingine: ni kusema pembeni, kwa wasiohusika, jambo ambalo msemaji hataki kulisema mbele ya anayeweza kulirekebisha.

Mgeni naye ana wajibu wake. Didake, maandishi ya Wakristo wa kale yaliyochapishwa mwaka 1883 baada ya Mwaskofu Mkuu Filotheo Bryennios wa Kanisa la Kiorthodoksi kuyagundua miaka kumi kabla, yanaagiza kwamba msafiri apokewe na asaidiwe, lakini akae siku mbili, au tatu ikibidi. Akitaka kuhamia moja kwa moja, na ana ufundi, afanye kazi apate kula. Wahenga wetu waliosema kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu hawakuwa wameisoma Didake, ila walikuwa wamepokea wageni wengi. Aliyefika jana hujifunza kwanza desturi za wale waliokuwepo. Hajengi kambi ya watu wa kabila lake au mkoa wake ndani ya jumuiya ya wote.

Mwalimu mkubwa katika jambo hili ni Mtakatifu Benedikto. Kanuni yake, aliyoiandika karne ya sita kwa ajili ya wamonaki, ina sura 73. Waamini wengi wa kusini mwa Tanzania wanaufahamu urithi huo kwa matunda yake, maana Wabenediktini walianzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898 na ile ya Ndanda mwaka 1906. Hata hivyo ni wachache wanaojua kwamba sehemu nzima ya Kanuni hiyo, kuanzia sura ya 23 hadi ya 30, inashughulika na ndugu waliokosa.

Utaratibu wake unafuata agizo la Bwana katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo. Ndugu mkaidi, mwenye kiburi au mnung'unikaji huonywa kwanza kwa siri na wazee, mara ya kwanza na ya pili. Asipojirekebisha, hukemewa mbele ya wote. Baada ya hapo ndipo hutengwa, nako kutengwa kuna ngazi: mwenye kosa dogo hunyimwa kula mezani pamoja na wenzake na kuongoza zaburi, bali hatupwi nje. Sura ya 24 inasema wazi kwamba kipimo cha adhabu kifuate uzito wa kosa, na sura ya 70 inamkataza mmonaki yeyote kumtenga mwenzake kwa mamlaka yake mwenyewe. Wale wanaoamka asubuhi na kutangaza kwamba fulani si mwenzetu tena wangefaa kuisoma sura hiyo.

Uzuri hasa wa Benedikto umo katika sura ya 27. Abate akishamtenga ndugu, anatakiwa kuwatuma wazee wenye busara, kana kwamba kwa siri, wakamfariji asije akamezwa na huzuni. Tuipime busara hiyo: mamlaka ile ile iliyotoa adhabu ndiyo inayohakikisha kwamba aliyeadhibiwa hakosi mtu wa kuzungumza naye. Katika nchi ya ugeni, ambako mtu aweza kukaa chumbani peke yake wiki nzima bila kusikia lugha yake, agizo hili huweza kuokoa maisha. Sura ya 29 nayo inamruhusu aliyeondoka kwa kosa lake arudi, akiahidi kujirekebisha na kukubali nafasi ya mwisho, hadi mara ya tatu.

Kisha kuna sura ya 61, inayohusu mmonaki mgeni anayefika kutoka mbali. Akiona kasoro katika nyumba na kuisema kwa kiasi na kwa upendo, Abate aitafakari kwa busara, kwani huenda Bwana amemleta kwa ajili ya hilo hilo. Lakini akionekana mwenye madai mengi na mwenendo mbaya, aambiwe kwa adabu aondoke. Benedikto, aliyeyachukia manung'uniko kuliko karibu kosa lolote, anafungua mlango kwa neno la mgeni. Sisi tunaona hapo mizani ambayo viongozi wa jumuiya huikosa mara kwa mara.

Kuhusu ulimi, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatofautisha makosa matatu: kumhukumu mtu moyoni bila msingi wa kutosha, kufichua, pasipo sababu ya haki, kosa la kweli kwa watu wasiolijua, na kumsingizia. Wengi hujitetea kwa kusema kwamba walichosema ni kweli. Kosa la pili linahusu kweli hiyo hiyo. Mtu aliyewahi kufungwa nyumbani, akaja ng'ambo kuanza upya, hana deni la kuifungua historia yake mbele ya kila mtu, wala mwanakijiji mwenzake hana ruhusa ya kumfungulia. Sheria za Kanisa, kanuni namba 220, zinakataza kuharibu isivyo halali sifa njema ya mtu. Na namba 2487 ya Katekisimu inamdai aliyeharibu afanye malipizi. Kwenda kuungama kunaondoa dhambi, lakini sifa ya jirani bado inasubiri kurudishwa.

Tahadhari moja ni ya lazima. Hatua ya kuonya kwa siri haihusu uhalifu. Mtoto akidhulumiwa, mfanyakazi wa ndani akinyang'anywa pasi yake ya kusafiria, mke akipigwa, hakuna mzee wa jumuiya mwenye haki ya kusema kwamba mambo hayo yamalizwe nyumbani. Wenye mamlaka waarifiwe. Kwa upande wa unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya watoto, hati ya Baba Mtakatifu Fransisko Vos estis lux mundi ya mwaka 2019 inawalazimu mapadre na watawa kutoa taarifa bila kuchelewa kwa viongozi wa Kanisa wanaohusika, na haiondoi wajibu wowote uliowekwa na sheria za nchi.

Sheria za Kanisa zinasemaje kuhusu uongozi? Katiba ya Kitume Exsul Familia ya Papa Pio wa XII, ya tarehe 1 Agosti 1952, iliweka utaratibu wa mapadre wa wahamiaji; leo kanuni namba 568 inaagiza wawekwe, kadiri iwezekanavyo, mapadre walezi kwa ajili ya wahamiaji, wakimbizi na mabaharia, na namba 518 inaruhusu parokia inayoundwa kwa msingi wa lugha au taifa. Kundi likitaka kutambuliwa kuwa chama cha waamini, kanuni namba 304 inadai liwe na katiba inayotaja lengo, makao, uongozi na masharti ya uanachama. Na namba 308 inasema kwamba mwanachama aliyepokewa kihalali haondolewi isipokuwa kwa sababu ya haki, kwa kufuata sheria na katiba yenyewe. Kelele za kikao cha Jumapili moja hazitoshi.

Mahali pengine mwenendo wa mmoja huwagusa wote. Katika Vikarieti ya Kitume ya Arabia ya Kusini, yaani Falme za Kiarabu, Oman na Yemen, waamini karibu wote ni wahamiaji, na ibada hufanyika katika maeneo yaliyoruhusiwa na watawala. Anayevunja sheria za nchi huko kwa jina la jumuiya huiweka hatarini Misa ya maelfu ya Wafilipino, Wahindi na Waafrika. Kiongozi ana haki ya kuwa mkali katika hilo.

Jumuiya ndogo isiyo na katiba yaweza kuanza na ukurasa mmoja: nani anatunza fedha na nani anazikagua; mtu huonywa na nani, mara ngapi; anasikilizwa lini kabla ya uamuzi; akitengwa, ni wazee gani wawili watakaomtembelea; na baada ya muda gani anaweza kuomba kurudi. Mwishoni iandikwe rufaa inakwenda wapi. Kwa kawaida ni kwa padre mlezi. Lakini ikiwa padre mwenyewe ni sehemu ya mgogoro, barua iandikwe kwa Askofu wa jimbo la mahali pale, ambaye mhamiaji naye ni kondoo wake tangu siku alipofanya makazi katika jimbo hilo.